Saa ya Nyanya Isiyokuwa na Kioo

Wiki iliyopita nilikwenda Mbaraki kwa binti ya ndugu yangu, kumtazama mtoto wake mchanga. Nimekaribishwa, nimekalishwa, nimepakatishwa mtoto, nimeletewa na juisi ya ukwaju, na kabla sijameza funda la pili nikainua macho ukutani. Wallahi nusura niimwage ile juisi juu ya mtoto wa watu. Pale palitundikwa saa ya nyanya! Mbao zake zile zile nyeusi, namba zake zile zile zilizofifia, na ule mkwaruzo chini ya saba niliouweka mimi mwenyewe kwa mpini wa kijiko. Ila wameitia kioo. Kioo kipya, kinang'ara mpaka nikajiona sura.

“Tumeitengeneza, shangazi,” yule binti akaniambia kwa furaha. “Ilikuwa haina kioo, inaingia vumbi tu.”

Nikamwambia imependeza. Ningemwambia nini? Mtu kakuletea juisi, kakupa na mtoto umpakate, uanze kumsuta kwa ajili ya kipande cha kioo? Lakini wewe rafiki yangu sikufichi. Moyo uliniruka, na tangu siku ile nazungumza na nyanya kichwani kama niliyeachana naye jana.

Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale wa Mombasa, ndani ya vile vichochoro ambamo ukipiga chafya chumbani kwako, jirani wa mbele anakuombea rehema bila ya kujua ni nani aliyepiga chafya. Chini alikaa fundi cherehani na redio yake, juu tulikaa sisi. Asubuhi niliamshwa na vikombe vya muuza kahawa vikigongana, mchana na cherehani, jioni na harufu ya samaki wa kukaanga. Nyanya alikuwa na chumba chake ghorofa ya pili, chenye dirisha moja linalotazama upande wa bara, kulikolala jua nyuma ya mapaa ya Makadara. Na ukutani, mkabala wa lile dirisha, ndiko ilikokuwa ile saa. Ilitundikwa chini sana, usawa wa kifua cha mtu aliyekaa kitini. Wageni waliicheka. Sisi tulijua sababu yake.

Nyanya aliota mtoto wa jicho macho yote mawili. Haoni ila weupeweupe, mchana na usiku. Masikio nayo yalikuwa mazito, hata adhana ya msikiti wa mtaa wetu haikumfikia kule juu. Ukitaka kusema naye ni umsogelee sikioni useme taratibu, maana ukimpigia kelele alikasirika: “Mimi si kiziwi, ni wewe huna adabu!” Basi macho yalipoanza kumtupa mkono, alimwita yule fundi akamwambia akitoe kioo cha saa, na aishushe mpaka mkono wake uifikie. Tangu hapo akawa anausoma wakati kwa ncha ya kidole. Anaigusa mishale kwa wepesi, hata haitikisiki, kisha anasema, “Saa tisa na robo, na wewe hujaswali adhuhuri.” Hakukosea.

Sasa nikueleze jinsi saa yenyewe ilivyokwenda, maana siku hizi watu wanatazama simu na hawajui tena. Kwa nyanya, siku ilianza magharibi. Jua likizama ndiyo saa kumi na mbili, hakuna kumi na mbili nyingine. Na kwa kuwa jua huzama leo mapema kidogo, mwezi ujao likachelewa kidogo, ile saa ilibidi irekebishwe kila siku. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Adhana ya magharibi ikianza tu, nakimbia ngazi, naingia, naisogeza mishale yote miwili ikutane juu, kisha nainama sikioni mwake: “Limezama, nyanya.” Naye hujibu, “Liende salama.” Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nakwambia kweli, nilijiona mimi ndiye ninayelizamisha.

Mwaka ninaousema ni ule wa mwishoni mwa miaka ya sitini, Ramadhani ilipoangukia wakati wa mvua za vuli. Daktari alimwambia mama kwamba moyo wa nyanya umechoka, asifunge. Mama akamwambia nyanya. Nyanya akapangusa mdomo kwa ncha ya leso, akasema, “Mwaka huu niwacheni niufunge mwezi wote, usipungue hata siku moja. Mwakani mtanikataza, na mwakani huenda msimwone wa kumkataza.” Mama alilia jikoni siku ile, akisingizia kitunguu. Tukamwacha afunge. Na nyumba nzima ikawa inamhesabia siku zake kimyakimya, kila moja ikipita tunashusha pumzi.

Wiki ile ya kwanza ya mfungo shule zilikuwa bado hazijafunga. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa mama mrefu, mzaliwa wa Rabai, si Mwislamu, lakini mwezi mzima hakunywa hata tone la maji mbele yetu. Siku moja aliingia darasani na kandili, balungi na sindano ya kufumia. Tukatazamana. Akatwambia tufunge madirisha. Akaliwasha kandili, akalitoboa balungi kwa sindano toka juu mpaka chini, kisha akachomeka karafuu mbili kwenye ganda. “Hii ni Mombasa,” akasema. “Na hii huku ni Kisumu, ziwani.” Akaanza kulizungusha polepole mbele ya kandili.

Rafiki yangu, mimi nimeona mengi maishani, nimehiji, nimepanda ndege, nimezaa mapacha, lakini sijapata kushangaa kama nilivyoshangaa mbele ya lile balungi. Karafuu ya Mombasa ilitoka gizani ikang'ara, ikapita, ikaingia gizani tena, na kandili halijasogea hata unyoya. “Jua haliendi popote,” mwalimu akasema kwa sauti yake ya taratibu. “Ni sisi tunaozungushwa, sasa hivi mnavyokaa.” Nilishika dawati kwa mikono miwili. Mwenzangu wa kando akaanza kucheka, kisha naye akashika la kwake. Palinuka ganda la balungi na mafuta ya taa, na darasa la wasichana arubaini halikusikika hata kukohoa.

Mwalimu akaendelea. Akasema nchi nzima, toka baharini mpaka ziwani, tumekubaliana kutumia saa moja, ndiyo ile ya redioni. Alisema na mengine baada ya hapo. Akaizungusha ile karafuu ya Kisumu, akaeleza kitu. Mimi sikusikiliza. Nilishapata langu la kwenda nalo nyumbani: kwamba iko saa moja tu iliyo sawa, nayo ni ya redio.

Nilimsimulia nyanya. Nikamwambia sikioni kwamba jua halizami, dunia ndiyo inayozunguka. Akatafuta uso wangu kwa mkono, akanipapasa paji kama anayetazama homa. “Hao wanaozunguka na wazunguke,” akasema. “Mimi nakaa papa hapa.”

Basi kesho yake, siku ya kupumzika, nilikuwa dirishani alasiri nikasikia redio ya fundi chini ikilia vile vimlio vyake: saa kumi kamili. Nikageuka nikaitazama saa ya nyanya. Saa kumi kasoro dakika ishirini! Nyanya alikuwa amejinyoosha kitandani, amesinzia kwa saumu. Nikaona huruma, ati. Masikini nyanya wangu, miaka yote hii yuko nyuma ya nchi nzima dakika ishirini, na hakuna aliyemwambia. Nikausogeza mshale mbele, taratibu, mpaka ukalingana na redio. Nilidhani namtendea wema. Nikashuka zangu kukuna nazi.

Unaniuliza sikufikiri? Nilifikiri sana, rafiki yangu, na hapo ndipo penye balaa. Katika saa ile, tangu nizaliwe, jua halijapata kuzama ila kwenye kumi na mbili. Niliona jua na kumi na mbili ni kitu kimoja, ukikisogeza hiki na kile kinafuata.

Jikoni ilikuwa pilikapilika za kila siku ya mfungo. Mama anakaanga sambusa, shangazi anachovya kaimati kwenye shira, mimi nakamua tui la ndizi mbivu mpaka vidole vimekunjamana. Mawingu ya mchana yalikuwa yameondoka. Mama akanipa bakuli la uji wa pilipili manga nimpelekee nyanya, liwe tayari karibu yake. Nilipanda ngazi nikinusa ule uji na tumbo likinguruma.

Nilipofungua mlango, chumba kizima kilikuwa cha dhahabu. Jua lilikuwa bado halijagusa mapaa ya Makadara, limeingia dirishani, limelala ukutani, juu ya ile saa yenyewe. Mishale ilikuwa imekwisha kukutana na kupita. Na nyanya alikuwa kwenye mswala, ameshaswali magharibi, mbele yake kisahani chenye kokwa tatu za tende na gilasi tupu ya maji. Alikuwa ametulia. “Alhamdulillahi,” akasema alipohisi hatua zangu, “leo maji yamekuwa matamu kuliko siku zote.”

Nilijua papo hapo. Uji ukanimwagikia kidoleni na sikuhisi moto. Nyanya amekula mchana wa Ramadhani, juani, kwa mkono wangu. Na ni mimi peke yangu niliyejua.

Nikatoka nikakaa ngazini. Baada ya kitambo ambacho kwangu kilikuwa mwaka mzima, adhana ikapanda. Nikarudi ndani nikairudisha mishale, nikainama sikioni mwake, “Limezama, nyanya.” Akashangaa. “Leo umechelewa kunambia! Mimi nimeshakula na kuswali.” Nikamwambia nilikuwa jikoni.

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, nao ulinifuata mpaka mfungo ukaisha. Nilikuna nazi ambazo hakuna aliyezihitaji. Nilisugua kandili mpaka mama akaniuliza nina nini. Kila magharibi nilipomwambia limezama, nilikuwa natazama dirishani mara mbili, tatu, nisije nikarudia. Na kila siku iliyokwenda, nyanya alikunja kidole: kumi, kumi na tano, ishirini. Uso wake ulikonda, lakini ulikuwa na raha ya mtu anayekaribia nyumbani. Ningemwambia nini mimi? Na ningenyamaza vipi?

Jioni ya siku ya ishirini na tisa watu wote walikuwa juu kwenye mapaa kuutafuta mwezi. Huo ndio uliokuwa mchezo mkubwa wa mji wetu: kila mtu ana kidole angani, kila mtu anaona kabla ya mwenzake, na nusu yao wameona ukucha wa wingu. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya kila mwaka. Nilimpandisha nyanya ngazi moja moja, nikasimama nyuma yake, nikakishika kidole chake nikakielekeza. Mwezi mwenyewe ulionekana upesi, mwembamba kama kipande cha kucha. Mtaa mzima ukapiga vigelegele. Nikauchora kwenye kiganja chake kwa kidole changu, upinde mdogo, kama alivyopenda. Akakifumba kile kiganja. “Nimeufunga wote,” akasema, na machozi yakamtiririka katika yale macho yasiyoona. “Sikupoteza hata siku moja.”

Nikapasuka. Nilimshika shingoni nikamwambia yote sikioni: redio, mshale, jua lililolala ukutani. Nililia mpaka maneno yakawa hayatoki. Pande zote watu wanapongezana. Nyanya hakunipiga wala hakunisukuma. Aliitafuta ngazi kwa mguu, akashuka mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza kushuka ngazi ile bila ya mkono wangu.

Idi ile sikuionja. Nilivishwa gauni jipya, nikapakwa hina, nikabusu mikono ya wakubwa. Nyanya aliwapokea wajukuu wote, na mimi akanipa mkono kama wengine, lakini hakunena nami. Pilau ilinishinda. Mama akadhani nina homa.

Jioni yake, fundi aliitoa redio barazani. Mtaa mzima ukakusanyika, nikasikia watu wanapigana vikumbo. Redio ilisema watu watatu wameondoka duniani siku ile ile, wanakwenda kuuzunguka mwezi. Mwezi wetu! Ule ule tuliouona jana ukucha! Mmoja akasema ni uongo, mwingine akasema wataungua, wa tatu akauliza wameaga kwao au hawakuaga. Mimi nilisahau hofu, nilisahau hasira za nyanya, nikapanda ngazi mbio kama adhana imelia.

“Nyanya! Watu wamekwenda mwezini!”

Alikuwa amekaa mbele ya seredani, anapasha mikono kwenye makaa ya kahawa. “Kufanya nini?” akauliza.

“Kuuzunguka, warudi.”

“Hawatui?”

“Hawatui.”

“Safari gani hiyo!” akasema nyanya. “Ufike mlangoni kwa mtu usibishe hodi?” Kisha akakunja uso, anawaza. “Na huko waliko, magharibi inaingia saa ngapi?”

Hata leo, rafiki yangu, nikilifikiria swali lile nywele zinanisimama. Watu watatu ndani ya chombo, jua halichomozi kwao wala halizami, na huku chini ajuza asiyeona, hajatoka Mombasa maisha yake yote, anauliza wataswali saa ngapi.

Akagonga kigoda kwa kiganja. “Njoo unieleze. Siku ile jua lilinichezea vipi?”

Balungi sikuwa nalo, na angelitazamaje? Nikaitazama seredani, nikamtazama yeye, nikapata wazo. Nikamkalisha kwenye kigoda, mgongo kwa makaa. “Wewe ndiwe dunia, nyanya,” nikamwambia. “Kwa uzito, kweli,” akasema. “Shavu lako la kushoto ni Mombasa. La kulia ni Kisumu. Makaa ni jua.” Nikaanza kumgeuza kwa mabega, polepole, kushoto, kama mwalimu alivyoligeuza lile balungi.

Joto likamgusa Mombasa kwanza. Nilimwona akishtuka. “Kumekucha,” akanong'ona. Nikaendelea kumgeuza, likaenea uso mzima. “Adhuhuri.” Nikamgeuza tena, Mombasa ikaanza kuukimbia moto, huku Kisumu bado imewaka. Akainua mkono nisimame. Akajigusa shavu hili, akajigusa na lile. Alirudia mara tatu. Miaka sabini na zaidi amelisikia jua likienda, na leo ndiyo kwanza amejisikia yeye anavyokwenda.

“Subhanallah,” akasema. “Kumbe ni mimi ninayeondoka.”

Nami ndipo, wakati ule ule, nilipoelewa yale maneno ya mwalimu niliyoyapuuza. Kila shavu lina magharibi yake. Saa moja ya nchi nzima ni mapatano ya watu, wapate kupanda gari la moshi pamoja, na jua halikuwamo katika mapatano hayo. Saa ya nyanya haikuwa nyuma hata dakika. Ilikuwa saa ya ile karafuu yetu, ya kile chumba, ya lile dirisha.

“Siku ile redio iliposema kumi na mbili,” akauliza, “lilikuwa limezama kwa nani?”

Nikafikiri. Nikamgusa sikio la kushoto. “Huku, nyanya. Kwa watu walio mbele yetu, baharini.”

Akacheka. Mara ya kwanza tangu mwezi uandame, akacheka mpaka akakohoa, akanivuta kichwa akakiweka pajani. “Basi hukunilisha bila ya magharibi, mwanangu. Umenifutarisha kwa jua la watu wengine.” Kisha akasema, “Lakini la kwangu nitalilipa.”

Alilipa. Mama alimsihi asilipe, hakusikia. Nikafunga naye siku ile, mimi na yeye tu katika nyumba inayokula. Jioni hakuigusa saa. Alivuta kiti dirishani, akalielekezea jua uso, akanishika mkono. Tukakaa hivyo, harufu ya samaki wa kukaanga inapanda. Nilisikia vidole vyake vikinikaza. “Linapoa,” akasema. Halafu, “Limezama.” Na adhana ikaanza wakati ule ule, sauti ambayo yeye hakuisikia. Safari ile ni mimi niliyejibu, “Liende salama.” Nikamtia tende mdomoni.

Hiyo ndiyo iliyokuwa saumu yake ya mwisho. Aliondoka kabla ya kufika katikati ya mwaka. Mwezi wa saba redio ya fundi ikatwambia watu wametua, wametembea juu ya mwezi kwa miguu yao. Mtaa mzima ukatoka kuutazama. Mimi nilipanda darini peke yangu, nikasimama pale tulipokuwa tukisimama, nikalia kwa uchungu, kwa sababu walikuwa wamebisha hodi na sikuwa na wa kumwambia.

Nyumba ile sasa ni duka la vinyago na vitambaa. Fundi hayuko. Mama hayuko. Hakuna tena mtoto anayekimbia ngazi kwenda kusogeza mishale, wala anayejua kwamba jua la Mombasa lina saa yake. Na mimi mwenyewe, usinicheke, nafuturu kwa simu.

Basi siku ile kule Mbaraki nilikaa mpaka jioni. Niliiendea ile saa nikainyooshea kidole, kikagonga kioo. Ilisema kumi na mbili imepita zamani, na jua lilikuwa bado dirishani. Nikamwomba yule binti nimchukue mtoto. Nikasimama naye dirishani, nikamgeuza uso upande wa bara, nikaweka kidole shavuni mwake, shavu jipya lisilojua lolote. Lilikuwa na joto. Tulingoja, yeye akipigapiga miguu, mpaka nikalisikia linapoa.

“Limezama,” nikamwambia sikioni.

Alipiga mwayo. Ikabidi nijijibu mwenyewe.